Argwings-Kodhek: Wakili aliyekabili vita vya kuuma na kupuliza

ABIRIA wa matatu za nambari 46, zitokazo katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Kawangware, hupita Hurlingham kila siku bila kuliwazia sana jina la barabara wanayoifuata. Kwao Argwings Kodhek ni msongamano wa magari wakati wa jioni, ni kliniki na maduka ya dawa kando ya njia, ni kituo cha kushukia kabla ya kufika Yaya. Wachache hukumbuka kwamba mwenye jina hilo alifia kwenye barabara iyo hiyo, enzi ilipokuwa bado inaitwa Hurlingham, jina walilolileta walowezi kutoka London. Na ni wachache zaidi wanaofahamu kuwa siku alipofariki, Januari 29, 1969, marehemu alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, na kwamba sehemu kubwa ya utumishi wake serikalini ilipita katika ugomvi na jirani ambaye hakutangaza vita hata siku moja.

Wahenga walisema panya huuma akipuliza. Aliyelala hasikii maumivu. Asubuhi ndipo anapokiona kisigino kina damu. Mataifa nayo yana hulka hiyo. Jeshi likivuka mpaka kwa vifaru, dunia nzima hupiga kelele. Lakini bendera, ramani, matangazo ya redio, bunduki inayopitishwa usiku kwa mkono wa mtu mwingine, kila kimoja peke yake huonekana kijambo kisichostahili kumwamsha mtu usingizini. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963 ikiwa tayari inaumwa namna hiyo, na Argwings-Kodhek alikuwa miongoni mwa waliotakiwa kulitazama jeraha na kuamua la kufanya.

Clement Michael George Argwings-Kodhek alizaliwa mwaka 1923 huko Gem, sehemu ambayo leo imo katika Kaunti ya Siaya. Alipita katika shule za misheni, akafika Makerere nchini Uganda, kisha akawa mwalimu. Mwaka 1947 alipata ufadhili wa kwenda kusoma Cardiff, Wales. Serikali ya kikoloni ilitarajia asomee mambo ya jamii. Yeye akageukia sheria, taaluma ambayo wakoloni hawakuwa na haraka ya kumwona Mwafrika wa Kenya akiimudu. Alifuzu kupitia Lincoln's Inn mjini London, na mara nyingi hutajwa kuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili.

Alirejea nyumbani mwaka 1952 akiwa na mkewe, Mavis Tate, mwanamke wa asili ya Ireland. Katika koloni iliyopima kila kitu kwa rangi ya ngozi, kuanzia hospitali hadi mtaa wa kuishi, ndoa hiyo pekee ilitosha kumfanya aangaliwe kwa jicho la shaka. Alipopewa kazi katika afisi ya Mwanasheria Mkuu kwa mshahara ulio chini ya ule aliolipwa Mzungu, aliikataa, akafungua afisi yake mwenyewe.

Hakupata muda wa kupumua. Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Watu wakaanza kufikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kula kiapo, kuonekana na wapiganaji wa msituni au kupatikana na risasi, na makosa mengi ya aina hiyo yakawa yanaadhibiwa kwa kitanzi. Kufikia mwisho wa hali hiyo watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamenyongwa. Argwings-Kodhek akawa mmoja wa mawakili wachache waliokubali kusimama upande wa washtakiwa wa Mau Mau, kazi iliyomletea sifa miongoni mwa Waafrika na chuki miongoni mwa walowezi. Aliona kwa macho yake jinsi sheria za dharura zinavyofanya kazi: jinsi kijiji kizima kinavyoadhibiwa kwa kosa la mtu mmoja, jinsi shahidi mmoja wa polisi anavyotosha, jinsi uzio wa miba unavyogeuza makwao kuwa gereza. Naomba msomaji ayaweke hayo akilini, kwa kuwa yatarudi.

Katika siasa hakuwa na bahati nzuri mwanzoni. Serikali iliporuhusu Waafrika kuunda vyama upya kuanzia 1955, ilishikilia kuwa viwe vya wilaya tu. Yeye alitaka kusajili chama cha taifa zima, akakataliwa. Akalazimika kukubali chama cha Wilaya ya Nairobi. Uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza Waafrika kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, alishindwa na kijana wa vyama vya wafanyakazi, Tom Mboya, kwa tofauti ya kura mia chache. Wengi walidhani ndio mwisho wake. Mwaka 1963 alirudi kwa njia ya nyumbani, akachaguliwa kuwa mbunge wa Gem, na serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ikampa kazi katika Wizara ya Usalama wa Ndani na Ulinzi kama msaidizi wa waziri, Dkt Njoroge Mungai.

Hapo ndipo wakili wa Mau Mau alipokutana na kaskazini.

Ugomvi ulikuwa umeanza kidogo kidogo. Somalia ilipopata uhuru Julai 1, 1960, ilipandisha bendera ya samawati yenye nyota nyeupe ya pembe tano. Pembe mbili zilikuwa nchi mbili zilizoungana siku hiyo, ile ya Waitaliano na ile ya Waingereza. Tatu zilizosalia zilikuwa nchi za watu wengine: Ogaden iliyo chini ya Ethiopia, Djibouti iliyoshikwa na Wafaransa, na ile iliyoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ya Kenya. Katiba ya taifa hilo jipya nayo ikataja kuunganishwa kwa maeneo ya Wasomali kwa njia za halali na za amani. Nani angelalamikia nyota? Nani angeita kifungu cha katiba shambulio? Hata hivyo, Kenya ilikuwa imeshachorwa ikiwa na pengo upande wa kaskazini mashariki, kabla haijapata serikali ya kujitetea.

Haki inadai tuseme pia kwamba Mogadishu haikuzua dai hilo hewani. Mwaka 1962 Uingereza ilituma tume ya watu wawili, Mnigeria na Mkanada, kuwasikiliza wenyeji, na tume hiyo ikakuta kuwa wengi wa wakazi katika sehemu za Wasomali walitaka kujitenga na kujiunga na Somalia. Uingereza iliuliza, ikajibiwa, ikaliweka jibu kando. Machi 1963 ilitangaza kuwa eneo hilo litakuwa jimbo la saba la Kenya. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na London. Wakazi wengi wa kaskazini wakasusia uchaguzi wa Mei, hivi kwamba Kenya iliingia katika uhuru bila sauti yao bungeni.

Juni 28, 1963, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa kwa risasi pamoja na Chifu Haji Galma Dido walipokuwa katika ziara ya kuwashawishi wananchi wakubali kubaki Kenya. Anayetembea katikati ya Nairobi leo hulikuta jina lake kwenye Barabara ya Wabera. Mazungumzo yaliyofanyika Roma Agosti mwaka huo hayakuzaa kitu. Desemba 12 bendera ya Kenya ikapandishwa. Desemba 25, siku 13 tu baadaye, Kenyatta akatangaza hali ya hatari kaskazini mashariki.

Kwa miaka minne iliyofuata, vita vilipiganwa huku kila upande ukikataa kuviita hivyo. Mogadishu ilisema hao ni wananchi wanaopigania uhuru wao, wala yenyewe haina jeshi lolote upande wa pili wa mpaka. Nairobi iliwaita mashifta, neno lenye asili ya Ethiopia lenye maana ya majambazi, kwa sababu kukiri kuwa kuna vita kungekuwa kukiri kuwa kuna taifa linalodaiwa. Sisi tunaohariri habari tunajua uzito wa neno moja katika kichwa cha habari. Neno shifta liliwafanya wasomaji wa Nairobi, Kisumu na Mombasa waamini kuwa mambo ya kaskazini ni wizi wa ngamia, jambo la polisi. Neno hilo lilimfaa mshambuliaji kadhalika, kwani mwenye kumfadhili jambazi haulizwi maswali anayoulizwa mwenye kutuma jeshi.

Nyuma ya neno hilo vitu vilikuwa vikisogea. Mwaka 1963 Somalia ilikubali mkopo wa kijeshi wa Urusi wa kiasi cha dola milioni 30 za Marekani, ikakataa msaada mdogo zaidi wa nchi za Magharibi. Kenya ikatia saini mkataba wa ulinzi na Ethiopia. Redio Mogadishu ilirusha matangazo ya kuishutumu serikali ya Nairobi, yakiwemo ya Kiswahili, yakaingia hata katika nyumba ambazo hazikuwahi kumwona shifta. Sauti ya Kenya nayo ikajibu kwa Kisomali. Mwaka 1964 viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana mjini Cairo kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, Somalia ikakataa kufungwa na uamuzi huo. Desemba 1965 Mwalimu Nyerere aliwakutanisha Kenyatta na Rais Aden Abdullah Osman mjini Arusha. Wakaachana bila makubaliano. Kisha yakaja mabomu ya kutegwa ardhini, silaha iliyolingana kabisa na aina ya ugomvi wenyewe, maana aliyeitega huwa hayupo linapolipuka.

Katika miaka hiyo ilikuwa kazi ya Argwings-Kodhek kusimama bungeni na kuieleza wizara yake kuhusu mambo haya. Na mambo yenyewe, kwa mtu aliyetoka katika mahakama za Mau Mau, hayakuwa mepesi. Kanuni za dharura za kaskazini ziliruhusu watu kuzuiliwa bila kufunguliwa mashtaka; kupatikana na silaha bila kibali kukawa kosa la kunyongwa; ukanda wa mpakani ukafungwa, atakayeonekana humo awe adui. Kuanzia 1966 serikali ilianza kuwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyozungushiwa ulinzi, kwa mfano Garba Tulla, ambako mifugo ilikufa kwa kukosa malisho ilhali wenyewe wanaitazama. Waborana wa Isiolo wanakiita kipindi hicho Gaaf Daaba, yaani wakati kila kitu kiliposimama. Mbinu hiyo ya vijiji ilikuwa ile ile waliyoitumia Waingereza katika Mkoa wa Kati miaka 10 iliyotangulia, dhidi ya watu ambao yeye mwenyewe aliwatetea.

Je, aliyasema hayo katika vikao vya faragha? Sitamtungia mawazo. Ninachoweza kusema ni kwamba aliendelea na kazi, akapanda cheo hadi kuingia katika Baraza la Mawaziri, na kwamba hakuwa peke yake: Kenyatta aliyefungwa kwa sheria za dharura ndiye aliyezitangaza upya. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, penye hatari kubwa ya uchokozi wa kuuma na kupuliza. Mshambuliaji hana uso, kwa hivyo anayeshambuliwa hutafuta uso ulio karibu, na aghalabu huukuta ni wa raia wake mwenyewe. Msomali wa Garissa au Mborana wa Isiolo, ambaye huenda hakuwa na bunduki wala haja nayo, alibeba kipigo kilichokusudiwa serikali ya Mogadishu. Na kila kipigo kilimfanya aisikilize zaidi redio ya ng'ambo. Zaidi ya mauaji, lengo la uchokozi wa aina ile ni kumfanya jirani awatenge watu wake kwa mikono yake mwenyewe, na katika hilo Kenya ilimsaidia sana mchokozi.

Juni 1966 Kenya iligundua kuwa nayo inaweza kuuma bila kufyatua risasi. Ilipiga marufuku biashara na usafiri kati yake na Somalia. Mwaka uliofuata Mfereji wa Suez ukafungwa kutokana na vita vya Waarabu na Israeli, na ndizi za Somalia, ambazo soko lake lilikuwa Italia, zikawa ghali kusafirisha. Ugomvi uliokuwa ukigharimu kidogo ukaanza kugharimu sana.

Julai 1967 Somalia ilipata Waziri Mkuu mpya, Mohamed Ibrahim Egal, mtu aliyeona kuwa pembe tatu za nyota zisizo mkononi zinaiponza nchi yake. Septemba, katika kikao cha Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kinshasa, yeye na Makamu wa Rais wa Kenya, Daniel arap Moi, waliafikiana juu ya misingi ya amani, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi. Oktoba 28, 1967, Kenyatta na Egal walitia saini makubaliano mjini Arusha.

Ukiyasoma makubaliano hayo leo utashangazwa na udogo wa mambo yaliyomo. Hayakuchora mpaka mpya wala kutaja mshindi. Pande mbili ziliahidi kuheshimiana na kutunza usalama, kuacha propaganda za uhasama katika vyombo vya habari, kurudisha uhusiano wa kibalozi, kufufua biashara, kulegeza kanuni za dharura hatua kwa hatua, na kuunda kamati ya Kenya, Somalia na Zambia ya kufuatilia utekelezaji. Kwa maneno mengine, waliyarudisha nyuma yale yale madogo madogo yaliyokuwa yamejilimbikiza. Redio ikawekwa kwenye karatasi moja na usalama wa mpaka, jambo ambalo wanasheria wengi wa zama zile wangeliona la ajabu. Vita visivyokuwa na siku ya kuanza havikuweza kuwa na siku moja ya kumalizika.

Kazi hiyo ya kuchomoa mwiba mmoja mmoja ndiyo iliyokuwa katika Wizara ya Mambo ya Nje alipoiongoza Argwings-Kodhek. Si kazi ya kumpa mtu umaarufu. Mwaka 1968 mabalozi walirudi, malori yakapita tena, matangazo ya matusi yakapungua. Mashambulizi ya kaskazini yalikuwa yamefifia, ingawa idadi ya waliokufa katika miaka minne, kwa hesabu rasmi, ilikaribia 2,000, na wenyeji hadi leo wanashikilia kuwa walikuwa wengi zaidi. Egal kwake alilaumiwa kwamba ameuza ndugu. Kwa Kenya lawama hazikuwepo, kwa sababu wengi hawakuwa wamejua kuwa nchi yao ilikuwa vitani.

Waziri hakuishi kuona matunda. Januari 29, 1969, gari lake lilipata ajali Hurlingham, naye akafariki akiwa na umri wa miaka 45 au 46. Serikali ilisema ni ajali ya barabarani. Wapo waliolikataa neno hilo tangu siku ya kwanza, na madai kuwa alipigwa risasi yameendelea kurudiwa kwa zaidi ya nusu karne. Mwezi wa Mei wapiga kura wa Gem walimkataa mgombea wa Kanu, wakamchagua Wasonga Sijeyo wa chama cha upinzani cha KPU, matokeo ambayo wengi waliyasoma kuwa jibu la Gem kuhusu kifo hicho. Julai 5 Tom Mboya, mpinzani wake wa zamani, aliuawa kwa risasi katikati ya jiji. Kwa Waluo wengi vifo hivyo viwili vimeshonwa pamoja, na pengine ndiyo sababu kaskazini husahaulika kila wasifu wa Argwings-Kodhek unaposimuliwa: anakumbukwa kama mtu aliyekufa kwa utata, si kwa kazi aliyokuwa nayo mezani.

Ng'ambo ya mpaka nako hakukutulia. Oktoba 15, 1969, Rais Abdirashid Ali Sharmarke wa Somalia aliuawa na mlinzi wake. Siku sita baadaye jeshi chini ya Siad Barre likatwaa madaraka na Egal akatiwa kizuizini. Maafikiano ya Arusha hayakufa kwa hilo. Siad Barre alipeleka vita vyake Ogaden mwaka 1977, akashindwa, na mwaka 1981 alitamka mjini Nairobi kuwa Somalia haina dai lolote juu ya ardhi ya Kenya.

Ahadi moja ya Arusha ndiyo iliyochelewa: ile ya kulegeza kanuni za dharura. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa usalama wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kaskazini tangu Desemba 25, 1963 hadi Desemba 1, 1967. Kanuni zenyewe zikaendelea kutumika. Zilikuwa bado zinatumika Februari 1984, wanaume wa Wajir walipokusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla na wengi wao wakauawa na vikosi vya nchi yao wenyewe. Zilifutwa Novemba 1991, miaka 22 baada ya kifo cha Argwings-Kodhek. Serikali ya Siad Barre mjini Mogadishu ilikuwa imekwisha kuanguka tangu Januari mwaka huohuo, na waliokuwa wakivuka mpaka kuja Kenya wakati huo walikuwa wakimbizi.